Kuitafutia Asali Ndugu Zake

Nilipokuwa mdogo kule Mgori alikuwepo mzee mmoja aliyekwenda kila msiba. Si misiba ya ndugu zake, hapana, kila msiba. Kijiko chake alitembea nacho kwenye mfuko wa koti. Akifiwa Mkristo yumo, akifiwa Mwislamu yumo, na kulia alilia kuwapita wafiwa. Alipofariki bibi yangu mzaa baba, yule mzee alilia mpaka nikamwuliza shangazi, "Huyu ni mtoto wa bibi?"

Shangazi alikuwa anapepeta mtama. Akacheka huku amefunika mdomo kwa khanga, maana tulikuwa msibani.

"Huyu ni mtoto wa ugali," akasema.

Halafu akanieleza. Ukitaka kujua nyumba gani ina undugu na nyumba gani, usimtazame anayeonekana kote. Mtafute yule unayemwona kwenye msiba wa hapa, ukamwona tena kwenye msiba wa pale, na kwingine humwoni. Huyo anajua kitu.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Mwalimu wetu alihamishwa, aliyekuja baada yake alipenda bata kuliko hesabu, lakini hayo tuyaache. Nilioa, nikahamia upande wa Ikungi, nikawa mtu wa mizinga. Kutundika mizinga juu ya miti na kurina ilikuwa kazi yangu. Kuchuja asali na kuiuza ilikuwa kazi ya mke wangu, na mnadani asali yake ilikuwa na jina. Ushirika ulipoacha kununua, soko likawa huria, wakaanza kuja wanunuzi wa kujitegemea na mizani zao. Mmoja alitoka Dodoma, mtu wa maneno mengi. Huyo ndiye aliyeionja asali ya mke wangu mwaka ule wa mvua haba, akaitema chini mbele ya watu.

"Mama, hii umepika sukari ukaiunguza, ukachanganya. Ona inavyowasha!"

Mke wangu akarudi nyumbani na ndoo yake. Mnada uliofuata wenzake wakasogeza mafungu yao mbali na pake. Asiwalaumu, nilimwambia, wanaogopa na zao zisitemwe. Jioni akasema, "Nimechuja asali tangu kwa mama yangu. Leo naitwa mpishi wa sukari."

Nami nilikuwa nimeionja. Iliwasha kweli. Basi nikasema nitajua kinachoifanya iwashe, hata kama itanibidi niulize serikali nzima. Bwana nyuki wa serikali nilimkosa, amekwenda semina. Nikapanda basi mpaka Singida, nikashuka, nikatembea mpaka Utemini, ambako mama mmoja alikuwa amefungua duka la kompyuta. Nilisikia humo ndani kuna kamusi elezo, kitabu kisicho na jalada, kila kitu duniani kimeandikwa humo.

"Shikamoo mzee," akanisalimu yule mama.

"Marahaba mwanangu. Nataka kujua kwa nini asali inawasha."

"Asali imegombana na nani?"

"Na mke wangu."

Akanivutia kiti. Ukurasa wa Kiswahili ulikuwa mistari michache tu: nyuki, maua, utamu. Akafungua wa Kiingereza, akawa ananisomea kwa Kiswahili. Mrefu huo! Lakini kuwasha hakumo. Nikaona maneno mengine yana rangi ya buluu, nikamwuliza kwa nini. Akasema ukibonyeza neno hilo linakupeleka kwenye ukurasa wake. Na kuna mahali pengine, ukibonyeza, unaona kurasa zote zinazoelekea kwenye huu uliopo.

"Yaani wageni wanaokuja kwake?"

"Ee, wageni wake hao."

"Basi nionyeshe wageni wa asali. Halafu tuwatazame wageni wa sumu, maana kinachowasha hakikosi sumu. Tuone nani anakwenda kote kuwili."

Walikuwa wengi hao, akasoma mpaka sauti ikakauka. Afrika ilikuwemo kwa asali, ikawemo kwa sumu. Nikasema hapo hapo, huyu ni mkubwa, anajua, fungua. Akafungua. Tukapita milima, tukavuka mito, jua likafika utosini.

"Mzee, tumefika Misri na asali bado haijawasha."

Ndipo nilipomkumbuka mzee wa kijiko. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekupoteza. Waondoe wote wanaokwenda kila mahali. Nchi zote, mabara, maji, chakula. Hao ni watoto wa ugali." Ikabidi nimsimulie msiba wa bibi. Alicheka mpaka mteja wa pembeni akageuka kututazama.

Alipotulia alikuwa na lake. "Sawa, lakini sumu nayo ina wageni mno. Nyuki hanywi sumu ya nyoka, mzee. Anakwenda kwenye maua. Tuiache sumu, tuchukue mimea yenye sumu."

Nisingeliwaza hilo. Akafanya hivyo, wakabaki wachache. Lilikuwepo ua moja la milima ya nchi za baridi, hilo tukaliacha. Ulikuwepo ukoo wa miti yenye maziwa meupe. Akaufungua, akasoma polepole: nyuki wakila maua ya miti hiyo asali huwasha koo, na ukinywa maji inazidi. Mmoja wa miti hiyo watu huupanda kuwa uzio.

"Rudia hapo pa uzio."

Akarudia, akanionyesha na picha. Minyaa! Kijiji chetu kizima kimezungushiwa minyaa. Na mwaka ule porini miti haikutoa ua, mvua ilikuwa imekataa. Minyaa haijali mvua. Ukurasa wa asali haukuitaja minyaa hata mara moja, hawakuwa na salamu, lakini tulivipata vyote viwili kwa jamaa mmoja, ule ukoo wa maziwa meupe.

Siku ya mnada nilikwenda Ikungi na mke wangu, ndoo ile ile na dumu la maji. Mnunuzi alikuwa anapima asali ya watu.

"Mzee wangu, mmeniletea tena sukari?"

"Sukari iliyoungua ni chungu ulimini, ikimezwa imekwisha," nikamwambia. "Hii onja, umeze, halafu unywe maji."

"Sina muda huo."

"Mimi ninao," akasema mama mmoja muuza vitunguu. Akaonja, akanywa maji, akaanza kukohoa huku anapiga mapaja. "Uwiii! Inashuka na moto!" Watu wakajaa. Kila aliyeonja alikohoa, na kila aliyekohoa alimsukuma mwenzake naye aonje. Nikawaeleza habari ya minyaa. Hapakuwa na mtu asiyejua maziwa ya mnyaa yanavyounguza jicho.

Mnunuzi mwishowe akachovya kidole, akakilamba, akanywa maji. Macho yakamwiva.

"Haya, ni minyaa," akasema kwa sauti ya chini. "Mwakani mkipata nzuri leteni."

Mke wangu akamsogelea.

"Baba, siku ile ulisema kwa sauti kubwa. Na leo sema kwa sauti ile ile. Nilipika sukari, au sikupika?"

Mnunuzi akamtazama, akatutazama sisi wote. Akafungua mizani yake kutoka kwenye mti, akaikunja kwenye gunia, akapita katikati yetu mpaka barabara ya Dodoma. Ikungi hakukanyaga tena.