Injini ilinyweshwa oili ya bei kali, gia boksi ikapewa matabishi: kisa cha gari la dada yangu Lubumbashi

Wakuu, heshima zenu.

Swali la kama oili ya sintetiki ya bei kali ina faida kweli, au tunalipia chupa nzuri tu, naliona linarudi humu kila mara. Leo nalijibu kwa kisa. Sina duka la oili na simuuzii mtu kitu. Naandika niliyoyaona, na pale nisipokuwa na uhakika nitasema hivyo hivyo.

Niko Lubumbashi, Kongo. Mimi ni mwanamke na kazi yangu ni kupaka grisi na kubadilisha oili kwenye mitambo ya mgodini, kama baba alivyofanya kwenye treni. Msishangae. Kuna watu wananukia manukato, mimi nanukia grisi.

Kwanza jambo moja la lugha, maana ndiko ugonjwa ulikoanzia.

Ninyi wa huko mna "oili" na mna "mafuta". Sisi huku yote ni mafuta. Ya kukaangia, ya kujipaka, ya injini, ya breki, ya gia boksi, ambayo tunaiita bwate. Fundi akitaka kutofautisha anataja rangi. Akisema "lete ile nyekundu", maana yake ni ya bwate. Hakuna swali la pili.

Sasa kisa.

Dada yangu mkubwa, Yaya Bea (kwetu yaya ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto), anauza samaki wakavu. Anawafuata Pweto, kule Ziwa Mweru linakoishia kaskazini, na kuwaleta hapa mjini. Kwa miaka mingi alipakia kwenye malori ya watu. Kwenye lori samaki wanawekwa chini, juu yao magunia ya mihogo, juu ya mihogo abiria. Wanafika unga. Na mteja hanunui unga wa samaki.

Kwa hiyo aliponunua wagoni yake ya Kijapani, ya mtumba, iliyoshushwa bandarini kwenu Dar, alikuwa ametoka kwenye mgongo wa lori la mtu. Samaki wake wakaanza kufika wazima, na wateja wakaanza kumsubiri yeye. Gari lile ndilo lililomsimamisha kwa miguu yake.

Ni automatic ya CVT. Shikilieni hapo.

Siku moja akaenda kumwaga oili ya zamani na kuweka mpya, yaani vidanji kwa Kifaransa chetu. Fundi wake ni Papa Kilufya wa mtaa wa Kamalondo, mtu mwema, kazi yake safi, ila mdomo wake hauna breki. Yaya Bea alikuja na oili ya sintetiki iliyozidi zote kwa bei dukani, dumu lenye rangi ya dhahabu.

Papa Kilufya akalipokea kwa mikono miwili.

"Mama Bea! Leo motere inakunywa shampeni!"

Motere ni injini. Na hapa lazima niwaeleze matabishi. Kwetu ukinunua fungu la nyanya, muuzaji anakuongezea moja au mbili juu. Hiyo nyongeza ni matabishi. Asiyetoa anaonekana mchoyo, na mteja harudi. Ni desturi nzuri, naipenda.

Basi Papa Kilufya, kwa moyo safi kabisa, akasema:

"Mama, juu umeleta bintu bya bei, miye nakupa matabishi. Nakubadilishia na mafuta ya bwate. Bure!"

Akamwaga iliyokuwemo ndani ya gia boksi, akajaza ile nyekundu kutoka kwenye pipa lake. Yaya Bea akarudi nyumbani amefurahi mara mbili.

Gari halikulalamika siku ile. Lilianza taratibu. Kutetemeka kidogo likiondoka. Kisha sauti kama filimbi ya mbali. Kisha, akitoka Kasungami, pembezoni mwa mji, na mzigo wa mahindi, injini ikapiga kelele na gari likabaki linatambaa. Unakanyaga, inalia, haiendi.

Papa Kilufya akaliendesha, akarudi ameshika kiuno.

"Mama, hii bwate ilisha kufa."

Gia boksi nyingine Yaya Bea asingeiweza. Fundi, akitaka kusaidia, akamtafutia mtu wa kulinunua gari lile akalikate vipuri. Mtu huyo angekuja Jumamosi.

Yaya Bea akanipigia simu.

"Mudogo wangu, miye narudia ku kamyo."

Kamyo ni lori. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba.

Nikamuuliza matatizo yalianza lini.

"Nyuma ya ile vidanji ya mafuta ya bei. Na vile alinipa hata matabishi!"

"Matabishi ya nini, Yaya?"

"Ya bwate. Ile nyekundu."

Wakuu, hapo nikaujua ugonjwa.

Naomba niwaeleze polepole, si jambo gumu. Gia boksi ya automatic ya kawaida ina gia za meno. CVT haina zile gia za kubadilishana. Ndani yake kuna mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili, na mkanda unavuta gari kwa sababu umebanwa. Kwa hiyo oili yake ina kazi mbili zinazogombana: ilainishe chuma kisisagane, na hapo hapo isiache mkanda uteleze. Inatengenezwa maalumu kwa hilo.

Ile nyekundu ya Papa Kilufya si mbaya. Ni nzuri kwa gia boksi iliyotengenezewa. Kuiweka kwenye CVT ni kama kumpeleka mtu uwanjani kucheza mpira na kandambili za bafuni. Na rangi haisemi chochote, ni rangi tu iliyochanganywa.

Nikaenda naye Kamalondo. Nikafungua boneti, nikachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, nikafuta uchafu kwenye mpini wake. Imechongwa pale: CVT, na aina ya oili yake. Nikamwonyesha.

Papa Kilufya akaguna.

"Eh, Mama Grisi! Kitabu ya hii motokari iko mu Kijapani. Miye Kijapani nilisomeaka wapi?"

Gereji nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Mtaa ule gereji nyingi zingefanya vile vile. Alitoa zawadi, hakuiba kitu.

Nikamwomba afungue karteri, lile bakuli la chini ya gia boksi. Ndani yake kuna sumaku ndogo zinazodaka chuma kinacholika. Zikiwa na uji laini wa kijivu, ni ulikaji wa kawaida, kuna tumaini. Zikiwa na vipande vinavyochoma kidole, mkanda umeharibika, na hata mimi ningemwambia Yaya Bea auze.

Papa Kilufya akaingia chini ya gari huku anaongea.

"Mama Grisi, hata utie maji ya baraka, hii haifike Pweto. Ikifika na kurudia na mizigo, miye Kilufya nabeba samaki ya Yaya ku kichwa, kutoka hapa mpaka ku soko. Na naimba!"

"Usiimbe," Yaya Bea akamjibu. "Na ile sauti ya chura, samaki itarudia mu maji."

Karteri ikashuka. Nikachukua sumaku ya kwanza, nikaisugua kwa kidole gumba. Uji. Laini kama wanja. Ya pili, vile vile. Nikampa Papa Kilufya asugue mwenyewe. Akasugua, akasugua tena, akainua kidole kukitazama kwenye mwanga.

Tukaenda mjini kutafuta oili ya CVT. Muuzaji wa kwanza akatupa ya "kila gari", bei nafuu. Nikasoma nyuma ya dumu: aina tunayoitaka haipo. Tukaondoka. Duka lingine likawa nayo, imeandikwa herufi kwa herufi kama kwenye kijiti. Ilikuwa ghali kuliko dumu la dhahabu.

Yaya Bea akalipima mkononi. "Hii kadogo?"

"Hii kadogo, Yaya. Heshima yote uliyoipa injini, hapa ndipo ilipohitajika."

Kumbukeni: ukifungua tundu la chini, oili haitoki yote. Nyingi inabaki imejificha ndani. Kwa hiyo tulisafisha karteri na sumaku, tukabadilisha filta, tukajaza, tukazunguka mtaani, tukamwaga. Ilitoka kama chai iliyolala. Tukarudia. Tukarudia tena kwa dumu jingine, mpaka ikatoka safi. Kisha tukapima kipimo injini ikiwa moto na inanguruma, siyo ikiwa baridi.

Ile filimbi ikafifia, ikaisha.

Jumamosi yule mnunuzi akaja na kamba yake ya kuvutia gari. Yaya Bea hakumjibu salamu vizuri. Aliingia, akawasha, akapandisha wagoni kinyumenyume kwenye mwinuko wa udongo wa mlangoni pa gereji. Haikutetemeka hata kidogo. Akashusha kioo, akamwambia mnunuzi:

"Papa, kamba yako iko muzuri. Funga nayo mbuzi."

Hatukukimbilia Pweto. Aliliendesha mjini kwanza, bila mzigo, kisha na mzigo mdogo. Ile filimbi ilipokuwa haijarudi, tukaenda wote wawili. Vumbi, mchanga, miinuko ambapo malori yalikuwa yamelala ubavu. Wagoni ikapanda bila kelele. Tulipoliona ziwa, Yaya Bea akapiga usukani kwa kiganja na kupiga vigelegele peke yake, na mimi nikamsaidia.

Tukarudi na samaki wazima, mikia yao yote ipo.

Na Papa Kilufya? Mtu wa neno lake. Alijitwika gunia kichwani, akatoka Kamalondo kwa miguu hadi sokoni, anaimba. Washonaji walitoka na futi zao shingoni, wanawake wa baa wakamfuata wakiitikia. "Papa Kilufya, ulishaacha magari?" "Miye sasa niko kamyo!" anajibu, anaendelea kuimba. Kweli anaimba kama chura.

Sasa jibu la swali, wakuu.

Sintetiki nzuri ya injini ina faida kwa injini yenye tabo (turbo), kwa safari ndefu na joto kali, au pale mtengenezaji anapoitaka. Mitambo yetu mgodini isingeishi bila hiyo. Lakini kwa injini ya kawaida ya mjini, oili ya kawaida yenye kipimo sahihi, ya dukani unakokuamini, ikibadilishwa kwa wakati, inatosha kabisa. Msione aibu. Na ya bei kali iliyo feki ni hasara juu ya hasara.

Kwenye CVT hakuna mjadala. Hapo oili sahihi si anasa. Soma kijiti, soma dumu, usikubali rangi. Nanyi ambao mmewekewa isiyo sahihi, msikate tamaa: acheni kuendesha, fungueni, tazameni sumaku. Sisemi kila gia boksi itapona. Hii ilipona kwa sababu iliwahiwa.

Kama kuna kitu hamkuelewa ulizeni hapa chini, nitajibu kila mmoja, hakuna swali la kijinga. Na mwenye gia boksi iliyopona au iliyokufa atueleze, wengine wajifunze.

Siku ile sokoni, Yaya Bea alimchagulia Papa Kilufya samaki mkubwa kuliko wote kwenye gunia. "Chukua. Matabishi."

Fundi akampokea kwa mikono miwili, kama lile dumu la dhahabu. Kesho yake nilipopita gereji, pipa la nyekundu lilikuwa limeandikwa kwa chaki, herufi kubwa: MATABISHI INAINGIA KU TUMBO. HAIINGIE MU BWATE.