Kupeleka Mashini ya Tension Kashikishi

Krrr-shii! Krrr-shii! Mpaka leo nasikia phonie ya jirani yetu, ile redio ya kuitana na watu wa mbali, pale Kilwa yetu ya ziwani, si ile ya pwani, ikikwaruza, siku sauti ya Tantine Régine ilipotoka ndani yake: "Mutoto, niletee mashini ya tension, ile ya kupima presha, nimeisahau kwenu. Kichwa kinanigonga." Miaka ya tisini ilikuwa inakwisha, nami sijavuka ziwa kwenda Zambia hata mara moja. Nilifurahi, kiisha nikaona haya kufurahia ugonjwa wa mutu.

Tantine ni mudogo wa mama. Anaishi Ubelgiji, na huko madaktari walimutoa mapafu yake mabovu, wakamuwekea ya mutu aliyekufa. Alikuja kututembelea, kiisha akavuka Zambia, kule Kashikishi, kumuona BanaChola, maana yake Mama Chola, rafiki yake wa zamani wa biashara ya samaki.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Kilwa na boti ya wachuuzi. Mashini niliipakata kama mutoto muchanga. Mama mumoja akaniuliza, "We mudada, umebeba nini, dhahabu?"

"Tension ya tantine yangu."

"Eh! Shika vizuri, isituangukie humu!" Boti nzima ikacheka.

Mchana Kashikishi ikatokea: kwanza harufu ya samaki walioanikwa, kiisha watu. BanaChola alinipokea kwa mikono miwili. "Mwaiseni, mwaiseni!" ndiyo karibu yao.

Jioni nilimupima Tantine: kumi na saba kwa kumi, na ya mutu muzima ni kumi na mbili kwa nane. Nikamuuliza kama mapafu mapya ndiyo yanasumbua. Akacheka, akaniambia niweke sikio mugongoni. Nikasikia pumzi ya mutu nisiyemujua, inaenda taratibu tu.

"Mapafu hayana neno," akasema. "Dawa ya kuyalinda ndiyo inapandisha tension. Tuko wengi hivyo, sisi wa mapafu ya kupandikizwa."

"Basi uache ile dawa!"

"Nikiacha, mwili utayafukuza kama muizi. Nitakufa, mutoto wangu."

Nikamusogezea vidonge vyake.

Siku ya tatu ilifika kumi na tisa kwa kumi na moja. Tukaenda kliniki ya Nchelenge. Muuguzi akatikisa kichwa. "Mutu wa mapafu mapya sijaona bado. Lakini tangu afike huku, ni kitu gani kimebadilika?"

Swali lile likaniingia. Tuliporudi nikaanza kuchungulia sahani, chumvi, vikombe. Jikoni nikamukuta BanaChola anakamua pamplemousse, yale machungwa makubwa machungu, ndani ya jagi la munkoyo, kinywaji chao cha mizizi. Akaongeza asali.

"Inashusha tension," akaninong'oneza. "Mama yangu ilimusaidia sana. Lakini mugeni haambiwi kama ni mugonjwa. Ndiyo maana naficha na asali."

Nikakimbilia kitabu kidogo cha hospitali cha Tantine. Kifaransa changu ni cha shule ya musingi, ila kulikuwa na picha ya tunda lile lile, limepigwa mustari mwekundu. Tantine akanisomea: tunda hilo linafanya dawa yake ijae kupita kiasi kwenye damu, na tension inapanda nayo. "Hii najua siku nyingi!" akasema. "Kama ningejua iko ndani ya jagi, nisingeonja hata tone."

BanaChola, aliyetusikia toka mulangoni, alichukua panga, akatoka. Paa! Paa! Alikuwa anakata muti wa pamplemousse, na ni mama yake aliyeupanda. Tantine, na kichwa chake kile, akamukimbilia, akamushika mukono.

"Sasa unataka kuniua na huzuni? Muti haukukosa, na wewe haukukosa. Lakini siku ingine uniambie, mujinga wee!"

Wakacheka huku wanalia.

Tukarudi kliniki, muuguzi akasema vidonge vyote viendelee, tunda liachwe. Nikapima kila asubuhi, moyo juu. Siku ya tano tangu jagi limwagwe: kumi na tano kwa tisa. Tantine akaomba bwali, ugali wa huko, na samaki bila chumvi, akamaliza sahani.

Mimi nilidhani dawa ni dawa kwa kila mutu. Kumbe kila damu iko na mambo yake, na kumufichia mutu dawa, hata kwa heshima, ni kumufunga macho.

Asubuhi ya kurudi, wenzangu wa boti wakifunga mizigo, nilishuka peke yangu ziwani, nikachota udongo mweusi kwa mikono. Nikaenda kuupaka kwenye vile vidonda vya panga vya muti wa pamplemousse, kimoja kimoja, mpaka weupe wa ndani haukuonekana tena.