Macho Mekundu Niliyoyaandika Mimi

Sentensi iliyokuwa kwenye ile karatasi ilikuwa yangu. "Mwenye macho mekundu hazeeki bure." Niliitunga Jumapili moja mchana, nimekaa kitandani na simu mkononi, na siku ile nilijiona fundi. Sasa mtu alikuwa ameinakili kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi ya daftari, akaisokomeza kwenye upenyo wa mlango wa bibi mwenye nyumba wangu. Chini yake aliongeza maneno mawili: "Ondoka mapema."

Bibi hakujua kusoma. Aliiokota asubuhi akifagia, akaniletea, akauliza kama ni tangazo la chanjo ya ng'ombe. Nikamwambia ni makaratasi tu ya watoto wa shule. Niliikunja, nikaitia mfukoni, nikaenda kufundisha darasa la nne.

Nilikuwa na mwaka mmoja na ushei katika kijiji kile cha Kishapu. Kwetu ni Ushirombo, kwenye mvua na migomba, na nilipopangiwa kufundisha huku kwenye vumbi na pamba nililia. Bibi huyo, mjane wa Kisukuma ambaye wanawe walikuwa wameshatawanyika, ndiye aliyenipangisha chumba. Alinifundisha kuitikia salamu yao ya mwangaluka kila asubuhi, akanilisha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga nilipougua, akaniita mjukuu wake. Macho yake yalikuwa mekundu kweli. Kijiji kile hakina kuni. Alikuwa amepikia mabua ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe tangu alipoolewa, na jiko lake halikuwa na dirisha.

Mimi tangu sekondari nilikuwa mlevi wa hadithi za ajabu: falme zilizo chini ya ardhi, majini wenye mabawa, kijana fukara anayepewa silaha inayong'aa na kuiokoa nchi yake. Upweke wa ugenini ulinisukuma kuanza ya kwangu. Nilikuwa naituma sehemu kwa sehemu kwenye kundi la simu la wapenzi wa hadithi, na kabla ya miezi mitatu ilikuwa inasomwa Geita, Masumbwe, Shinyanga mjini, hadi kijijini palepale nilipofundisha. Kwenye mashine ya kusaga, mwenye simu aliwasomea wasio nayo.

Shujaa wangu alikuwa yatima mwenye mkuki wa radi. Adui yake alikuwa kikongwe anayekunywa mvua kabla haijafika chini. Kikongwe huyo alihitaji sura, nami sikwenda mbali kuitafuta. Nilimpa macho ya bibi, mgongo wa bibi, kitenge chenye kiraka begani, hata mbuzi mweusi wa pembe moja aliyefungwa nyuma ya jiko letu. Wasomaji walisifu. Walisema kikongwe yule wanamwona kabisa. Nilifurahi, wala dhamiri haikunigusa.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema, pamba ikanyauka ikiwa fupi. Kisha mtoto wa jirani yetu, binti wa miaka mitatu, akafa kwa homa. Baada ya mazishi niliona wanawake wakiondoka kisimani bibi alipofika. Siku iliyofuata, kwenye mashine, baba mmoja ninayemfundishia wanawe alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule wa mbuzi wa pembe moja nilishamwona akitenda. Nikamjibu kwamba ile ni hadithi, nimeitunga kichwani. Akatabasamu kama mtu aliyekabidhiwa siri.

"Sawa, mwalimu," akasema. "Tunaelewa huwezi kusema wazi."

Hapo ndipo hofu iliponiingia, na haikutoka. Hakuna mtu wa kanda ile asiyejua vikongwe wa macho mekundu huishia wapi: huitwa wachawi, kisha wakauawa kwa mapanga usiku. Nilijua kwamba nikinyamaza, nimekubali. Nikikana kwa nguvu, watasema nimeshaingizwa uchawini. Siku tatu baadaye ndiyo ikaja karatasi.

Nilimwonyesha mwalimu mkuu. Aliisoma mara mbili, akafunga mlango wa ofisi, akanishauri niombe ruhusa niende kwetu mpaka mambo yapoe. Nilimpigia mtendaji wa kijiji, naye akasema ameshasikia minong'ono, Jumamosi kutakuwa na mkutano, walinzi wa jadi watakuwepo, na mimi nitaitwa niseme ninachokijua. Nilirudi nyumbani nikapanga begi. Siandiki haya ili nionekane jasiri. Nilipanga nguo zote, na vitabu, na sufuria yangu.

Bibi aliliona begi mlangoni, akaniuliza ni nani amefiwa kwetu. Nikashindwa kumdanganya. Nilikaa chini nikamweleza yote, karatasi na hadithi, mbuzi na macho. Hakupiga kelele. Aliniambia nimsomee.

Nilimsomea mchana kutwa, nikitafsiri kwa Kisukuma changu kibovu pale Kiswahili kilipompita. Alisikiliza akichambua karanga. Nilipofika alipochomwa mkuki yule kikongwe na watu wakacheza ngoma, bibi akanikatiza.

"Huyu mama alikuwa anakula nini?" akauliza. "Hukusema. Wala kama alizaa."

Katika sehemu zote kumi na mbili sikuwa nimemwazia hata sahani ya chakula.

Jumamosi asubuhi tulikwenda pamoja mbele ya ghala la pamba. Walinzi walikuwa wamesimama na fimbo, filimbi zikining'inia shingoni. Bibi aliketi chini, miguu ameinyoosha, peke yake. Hakuna aliyekaa karibu naye. Mwenyekiti wa kijiji alieleza kwamba kijiji kimepata msiba na ukame, na kwamba kuna maandishi ya msomi anayeishi uwanja mmoja na mtuhumiwa. Msomi ndiye mimi. Nikasimama.

Nilisema ni hadithi. Nilisema macho yale ni ya moshi. Sauti ilitoka nyembamba, watu wa nyuma wakadai hawasikii, na mlinzi mmoja akauliza nimepewa nini ili nimtetee. Nilitaka kuendelea. Nilitaka kusema kwamba uongo ule ni wangu, na kama kuna wa kuhukumiwa ni mimi. Lakini nilitazama zile fimbo, nikaketi. Mpaka leo nakumbuka jinsi nilivyoketi haraka.

Aliyesimama baada yangu ni mama wa marehemu. Hakuna aliyemwita. Alikuwa bado amejifunga kanga ya msiba, na alizungumza bila kupaza sauti, kiasi kwamba walinzi wenyewe ilibidi wasogee.

"Mwanangu aliugua siku nne," akasema. "Siku ya tatu mimi nilikuwa napalilia. Zahanati waliniambia nimechelewa, ni malaria imepanda kichwani. Huyu mama ndiye aliyenipa punda wa kumpeleka. Mkimgusa kwa jina la mwanangu, mtakuwa mmemuua mwanangu mara ya pili."

Akaenda akaketi chini kando ya bibi, bega kwa bega. Kisha mwanamke mwingine akainuka akakaa nao, na mwingine, wengi wao macho yao nayo mekundu kwa moshi uleule. Mwenyekiti akakohoa, akasema kwamba msiba ukiwa na mwenyewe na mwenyewe amesema, kijiji hakina kesi, na yeyote atakayeandika karatasi nyingine atashughulikiwa na polisi. Watu wakatawanyika. Baba yule wa mashine alipita karibu yangu bila kunitazama.

Bibi alihama mwezi uleule. Mwanawe wa kike, anayeishi karibu na Mwadui, alikuja kumchukua kwa pikipiki ya matairi matatu. Nilimwambia asiondoke, mkutano umemsafisha. Akaniambia kusafishwa ni jambo moja na kulala usingizi ni jambo jingine.

Kundini waliendelea kuniuliza shujaa atafanya nini sehemu ya kumi na tatu. Niliandika kwamba nimeiacha, na kwamba kikongwe yule alionewa, na aliyemwonea ni mimi. Wengine walidhani ni sehemu ya hadithi, wakataka iendelee. Wengine walitukana. Nilijiondoa.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimu bibi. Nilimkuta amenenepa kidogo, anapikia mkaa, na macho yake bado ni mekundu. Nilipomwamkia alinishika mikono muda mrefu, kisha akanikalisha ndani, mbali na mlango. Akaniomba, kwa upole kabisa, nisimwambie mtu yeyote wa kule kijijini yuko wapi.