Nilimkataza Nyama Tofi wa Mwanangu

Nimekosa, tena sina wa kumsingizia. Nilimuua mnyama wa mwanangu kwa ujuaji wangu mwenyewe!

Mie mama wa Kizanzibari, naishi peke yangu huku ughaibuni, Lewisham, kazi yangu kutunza wazee. Mwanangu alipohamia mji mwingine kusoma, aliniachia fereti wake, kinyama chembamba jamii ya kicheche, jina lake Tofi. Mwanzo nilimuonea kinyaa. Lakini kila Jumapili mwanangu akawa anapiga simu kumuulizia. "Mum, how's Tofi?" Mie mamake hata hali haniulizi! Basi nami nikampenda Tofi, maana ndiye aliyekuwa anailiza ile simu.

Siku moja akazubaa, hachezi. Nikampeleka kwa daktari wa wanyama, akamtoa damu. Majibu yakaja: protini imezidi kwenye damu. Yule binti daktari akaeleza mengi, mie naitikia tu, "Yes, yes, thank you," kama tufanyavyo wengi wetu kwenye maofisi ya watu, tusionekane wajinga. Hata neno moja sikuuliza.

Njiani nikajiambia, ah, hili nalijua! Marehemu mama yangu, figo zilipoanza kupitisha protini, si alikatazwa nyama? Basi na Tofi nikamkataza. Nikawa nampa uji, na mkate nilioroweka kwenye maziwa. Masikini, ananusa kibakuli, kisha ananitazama.

Kuja kumrudisha, kabaki mifupa. Daktari akauliza anakula nini. Nikasema uji. Akanieleza polepole: protini ilionekana nyingi kwa sababu mwili ulikuwa umekauka maji, na pengine ulikuwa unapigana na maradhi. Nyama haikuwa na kosa lolote. Fereti bila nyama haishi! Na kumbe mara ya kwanza alishaniambia nimnyweshe maji kwa wingi, nimrudishe upesi apimwe tena. Nami nikasema yes.

Wiki haikwisha, Tofi akafa mapajani mwangu.

Mwanangu nilimwambia ni uzee tu. "Oh. Okay, Mum." Akakata. Jumapili siku hizi napika, nakaa karibu na simu, wala hailii.

Jamani, mkipewa majibu msiyoyaelewa, ulizeni! Ulizeni hata mkionekana wapumbavu, aibu yake ni ya siku moja. Yangu mie haishi. Na nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu mwanangu Kiswahili anakisikia tu, kukisoma hajui.