Shangazi na Chavua Chafu

Shangazi yangu ana mdomo mchafu, na simwombei radhi kwa mtu. Ungefanyiwa wewe aliyofanyiwa, ungetukana zaidi.

Alikuwa nyapara wa vibarua kwenye shamba la kampuni ya mbegu. Kazi yao kung'oa mbelewele: mistari ya mahindi jike hunyolewa vichwa kabla vumbi lake, yaani chavua, halijapukutika, ili izae na mistari dume peke yake. Ndiyo mbegu chotara hiyo. Majani yanakuchana mikono, shingo inawasha mpaka unamlaani aliyekuzaa. Jioni anavuka seng'enge, anapalilia kijishamba chake cha mahindi meupe, mbegu aliyoachiwa na marehemu bibi. Duka lolote huipati.

Msimu huu akaja afisa mbegu wa kampuni, mtu anayepiga pasi mpaka kofia.

"Mama, mahindi yako yanatuletea uchafuzi wa kijenetiki. Kata mbelewele zote kabla ya Jumatatu, la sivyo kazi huna."

Neno hilo nililisoma kabla mimi na chuo hatujaachana. Ni chavua ya aina moja kuingia kwenye aina nyingine bila kukusudiwa, basi. Halisemi nani mchafu. Lakini kwa mabwana hawa linatembea upande mmoja: chavua ya Shangazi ikivuka seng'enge ni uchafuzi, yao ikija kwake ni hali ya hewa.

"Nikikata," Shangazi akamuuliza, "mahindi yangu yatazaa na nani?"

"Na ya kwetu. Mavuno utapata tu, mama."

"Mavuno nitakula. Mwakani nipande nini, baba? Kila punje itakuwa mtoto wenu! Unanimalizia ukoo, halafu unaniita mama?"

Hakukata. Jumatatu afisa akawaleta vibarua wa Shangazi mwenyewe, mapanga mkononi, macho chini.

"Nyapara, tusamehe. Tumetumwa."

"Nani mwenye haraka? Aanze na shingo hii, ni laini kuliko bua."

Mmoja akacheka, akaketi juu ya tuta. Wenzake wakaketi. Afisa alipiga kelele mpaka kofia ikapinda, kisha akamfukuza Shangazi kazi palepale, mbele ya watu aliowafundisha yeye.

Tulipovuna, mahindi yake meupe yalikuwa na madoadoa. Rangi ya njano ya mahindi ya kampuni ni sifa tawala: punje iliyopata chavua yao inageuka njano papo hapo, huhitaji kusubiri mwaka. Tulikaa uani kuzibandua kwa kucha.

"Huyu wa afisa. Na huyu. Mwanaume gani huyu anazaa hovyo namna hii!"

Hakuwapa kuku. Alizijaza kwenye beseni, akaenda ofisini kwao, nami nyuma yake.

"Nimewaletea uchafuzi wenu."

"Huo si uchafuzi, mama," afisa akasema bila kuinua kichwa. "Ni upepo tu. Upepo hatuumiliki sisi."

Shangazi akalimwaga beseni zima juu ya meza, kompyuta, chai na vyote. Walinzi wakatutoa, mimi kwa ukosi, yeye kwa heshima, maana walimwogopa.

Kazi mpaka leo hajapata, na wale vibarua wakimwona njiani wanajifanya wanaongea na simu. Mbegu nyeupe anayo, dumu moja, imefungwa kwa nta. Nilimwomba konzi moja tu nikapande mbali na watu hawa. Akaniambia nikalete kwanza shamba, maneno ninayo ya kutosha.