Bango Nililopaka Langoni Lilimfukuza Mdogo Wangu

Makosa ni yangu. Nianzie hapo kabla sijatafuta wa kulaumu, maana kutafuta wa kulaumu ni kazi ninayoijua vizuri kuliko zote.

Mdogo wangu leo anameza dawa za virusi vya ukimwi. Kabla ya hapo alikuwa anameza vidonge vingine, vya kumkinga asiambukizwe. Aliviacha kwa sababu yangu. Sikumpokonya mkononi, la. Nilipaka bango langoni kwangu, na hilo lilitosha.

Heri ningempokonya! Angalau tungegombana, na yeye angejua pa kupata vingine.

Majina yote nimebadilisha. Na wewe unayesoma huku ukijiuliza huyu ni mama gani wa Kitengela, acha. Hiyo tabia ndiyo iliyonifikisha hapa.

Nina ploti upande wa ndani, kule ambako mvua ikinyesha udongo mweusi unakuvua viatu. Nyumba ni mbili. Mbele naishi mimi, na nina duka la chakula cha kuku. Ya nyuma napangisha, na ina geti lake dogo la kutokea kichochoroni. Mume wangu alishafariki na watoto wana nyumba zao, kwa hivyo mteja akikosekana dukani, mimi nakaa kwenye dirisha la jikoni.

Mimi ni mtu wa kushuku. Mwenye punda akiniletea maji, nayaonja kwanza. Mchungaji akisema tuinamishe vichwa, mimi nafungua jicho moja. Nilidhani huo ni ujanja.

Mtu mmoja tu sikuwahi kumshuku. Nitamwita Njoki. Mama yetu alituacha Njoki akiwa bado anasoma shule ya msingi, nikamlea mimi. Alikuwa anafanya kazi pale Kisaju, mahali pa nyama choma na pombe, kando ya barabara ya Namanga, wanaposimama madereva wa malori na wanunuzi wa ng'ombe. Mimi nilisema anafanya kazi hotelini. Kanisani nilisema hotelini. Hata moyoni mwangu nilisema hotelini.

Sasa, mpangaji wa nyuma. Alikuja mwanamke wa Kimaasai, nesi, mtulivu, nitamwita Nasieku. Alisema ni shirika la afya linalotaka nyumba. "Takwenya, yeyo," alinisalimu, kama mtoto anavyomsalimu mama yake, nami nikajibu "Iko" kama nilivyofunzwa na majirani. Nikampa ufunguo.

Hata wiki haikuisha kabla sijaanza kumshuku.

Shirika gani halina bango? Mashirika ninayajua! Huja na gari lenye maandishi ubavuni, hugawa fulana, hupiga picha na akina mama wakishika unga, halafu huondoka. Hawa hawakupiga hata picha moja. Gari lao lilikuwa jeupe tupu. Walishusha maboksi wakayaingiza ndani bila kuongea.

Na wageni wao! Dirisha langu linaona vichwa tu juu ya ukuta. Wanawake walikuja wamejifunika leso, wakageuka nyuma, wakaingia. Wanaume walikuja wameshusha kofia. Wakitoka walipita haraka, bila kugeuka.

Nikawaza wanauza bangi. Nikawaza wanatoa watu damu. Jirani mmoja akanong'ona kuhusu mambo ya shetani, nami badala ya kucheka nikaongeza chumvi.

Katika wasiwasi wote huo kitu kimoja kilinifurahisha. Njoki alianza kunitembelea mara kwa mara. Zamani nilimwona Krismasi na kwenye matanga. Sasa alikuja kila mwezi, mara nyingine zaidi, na avokado kwenye mfuko. Tulikunywa chai jikoni, tukacheka. Nikajisifu kwa akina mama wa kanisa: huyu mtoto nilimlea vizuri, hajanisahau.

Kumbe alikuwa anapita nyuma kwanza. Kichwa chake chini ya leso nilikiona mara ngapi juu ya ule ukuta, na sikukijua! Halafu anavua leso, anazunguka, anabisha mlango wangu wa mbele.

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja alinivuta kando.

"Mama Kui, hapo kwako nyuma hufanywa nini? Wasichana wa baa wanaingia na kutoka. Watu wanaongea."

Nilihisi uso umewaka moto. Watu wanaongea! Juu yangu! Kesho yake asubuhi, geti la nyuma lilipofunguliwa, nilikuwa nimesimama hapo.

"Nasieku, leo utaniambia ukweli. Nyumba yangu ni ya nini?"

Hakukasirika. Alinikaribisha ndani, akanionyesha viti, kabati la dawa, chumba cha kuongelea. Palikuwa safi kuliko jikoni kwangu.

"Yeyo, sitakuficha," alisema. "Hapa tunapima watu. Tunawapa kondomu, na kuna dawa ya kumeza ya kujikinga, ile inazuia mtu asipate virusi. Wenye wanakuja ni wasichana wa baa, madereva, na wengine wenye wakionekana kwa foleni ya hospitali wanaongelewa."

"Sasa kama ni kazi nzuri, kwa nini hakuna bango?"

"Sababu bango ikiwekwa hawatakuja."

"Kitu ya haki haijifichi," nilimwambia.

"Haki haijifichi, yeyo. Ni watu wanajificha."

Jibu zuri namna ile lingemtosha mtu mwingine. Mimi liliniongezea shaka. Nikaona ananichezea maneno. Nikamwambia aweke bango au ahame. Akaniomba nimpe muda aongee na wakubwa wake, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Tafadhali, yeyo. Usifanye kitu bado."

Sikungoja. Nilikuwa nataka watu wa kanisa wapite waone kwamba kwangu hakuna danguro! Nikamwita yule kijana anayechora mabango ya vinyozi. Nikamwambia aandike kwenye geti la nyuma, herufi kubwa, mtu asome akiwa mbali.

Akaandika: HUDUMA ZA UKIMWI. WANAWAKE WA BAA NA MADEREVA KARIBUNI. Akaweka utepe mwekundu, na kwa hiari yake akachora lori upande mmoja na mshale unaoelekeza ndani. Nilisimama katikati ya kichochoro nikatabasamu. Ee Mungu, nilitabasamu!

Nasieku alipofika alisoma lile geti, akaliegemea, akafunika uso. Mchana huo alitafuta rangi akalipaka juu yote. Lakini kichochoro kizima kilikuwa kimesoma, na watoto walikuwa wameshatunga wimbo wa lori.

Baada ya hapo kukawa kimya. Hakuna leso, hakuna kofia. Nasieku alisimama getini akingoja, na mimi dirishani nikamtazama akingoja. Na unajua nilijiambia nini? Nilijiambia nilikuwa sahihi. Wangekuwa watu wema wangekimbia nini?

Siku hizo hizo Njoki alikuja. Hakuwa na avokado. Aliniuliza nani amepaka geti la nyuma, nami nikamsimulia yote kwa raha zangu, na mikono nikitumia. Nikamalizia hivi, nikicheka:

"Washa taa tu, uone mende wakikimbia!"

Njoki aliweka kikombe mezani. Chai ilikuwa bado imejaa. Akasema amechelewa kazini, akaniaga, na nikamsindikiza hadi barabarani nikiendelea kucheka. Hakuja tena.

Nasieku naye alihama. Alifagia nyumba, akanirudishia ufunguo, akaniambia "Mungu akubariki, yeyo," bila hata kinyongo usoni. Nilisikia wameenda Kajiado mjini. Nikampangishia nyumba fundi wa viatu mwenye mke na watoto, na nikalala usingizi mzuri.

Miezi ikapita. Njoki nikimpigia simu yuko bize. Nikamshuku! Nikadhani amepata mwanaume wa watu. Mwishowe nikachinja jogoo, nikamfunga kwenye kikapu, nikaenda Kisaju kujionea.

Nilimkuta nyuma ya jikoni, kando ya jiko la mkaa, amekonda. Nikaanza kumgombeza kama zamani: umenisusa kwa nini, nimekukosea nini?

Alisukuma mkaa ndani ya jiko.

"Dada, mimi ni mende."

Sikuelewa. Nikasema usiongee upuzi.

"Ile siku ulisema washa taa uone mende wakikimbia. Nilikuwa nimetoka kwa hiyo geti. Nilifika nikaikuta imepakwa rangi, na watoto wanaimba. Nikaogopa kuingia. Hizo dawa zangu ziliisha, dada. Nikajiambia nitaenda wiki ijayo, wiki ijayo. Sasa nimepimwa. Niko nayo."

Jogoo yuko kwenye kikapu. Mimi nimesimama. Nikauliza swali la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kuuliza maishani.

"Kwa nini hukuenda kwingine?"

"Wapi? Kwako nilikuwa na sababu. Mtu akiniona Kitengela, naenda kumwona dada yangu. Nani angeniuliza? Hiyo ndiyo place pekee ningeingia bila kuogopa."

Nilikaa chini, hapo kwenye majivu, na nguo zangu nzuri. Nililia mpaka mpishi akatoka kuangalia. Mlango wa dada yake ndio uliokuwa ngao yake, na dada yake akauandika maneno!

Na shida haikuishia hapo. Njoki alikataa kuanza dawa. Hospitalini, alisema, pale mapokezi anakaa mama wa kanisa letu. Kama hangempata Nasieku, hangeenda popote. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikapiga magoti. "Nasieku ama hakuna," akasema. Na kila siku aliyokaa bila dawa ilikuwa kosa langu.

Nambari ya Nasieku ilikuwa ya kazini na ilikuwa imezimwa. Nikaenda Kajiado. Ilikuwa siku ya soko la mifugo, vumbi na mbuzi kila mahali. Nikazunguka nikiuliza: kuna shirika la kusaidia wasichana wa baa, liko wapi? Kila niliyemuuliza alinikagua kutoka viatu hadi kitambaa cha kichwa. Mmoja aliniuliza kama nimetumwa na polisi. Mwingine alisema hajui, na nilijua kabisa anajua.

Nilitafuta bango. Mimi! Nilitembea mji mzima nikitafuta bango!

Mwishowe nikakaa kwa mama mmoja wa chai karibu na soko, miguu imevimba. Nikamuuliza naye. Akaendelea kumimina chai.

"Unawatafutia nini?"

"Nina mgonjwa."

"Kila mtu huwa na mgonjwa. Wewe ni nani?"

Sikuwa na nguvu za uongo. Nikamwambia mimi ndiye niliyepaka lile geti la Kitengela.

Birika lilisimama hewani. "Ati ni wewe? Wewe ndiye wa lori?" Akacheka, lakini kicheko hakikuwa cha furaha. "Mimi nilikuwa nakuja pale. Nilifika nikasoma, nikarudi na miguu mpaka steji ya matatu. Na hiyo lori yenyewe ilichorwa vibaya."

Nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Alitoa simu, akaenda nyuma ya kibanda, akaongea Kimaasai kwa sauti ya chini. Kisha akarudi kuosha vikombe.

Nasieku alikuja kwa miguu. Nilitegemea aniambie, nilikuambia. Hata hilo hakunipa.

"Ni nani wako, yeyo?"

"Ni mdogo wangu. Njoki."

Alifumba macho kidogo. Alikuwa anamjua, bila shaka, lakini hata hapo hakunieleza kitu juu yake. Alisema tu: "Mlete kesho. Ukifika hapa kwa chai, umwache. Usimsindikize. Usiulize ni mlango gani."

Ndivyo tulivyofanya, na ndivyo tunavyofanya hadi sasa. Njoki alianza dawa, na Nasieku ananiambia akizimeza vizuri atazeeka kuliko mimi. Amenona kidogo. Namshukuru Mungu, na nawashukuru hao watu ambao mimi niliwaita wauza bangi.

Lakini kwangu haji. Tunakutana steji, tunaenda pamoja, tunarudi pamoja. Nikimwambia pitia nyumbani unywe chai, anasema siku nyingine, dada. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ameshaota meno, na ananing'ata.

Nawaomba, hasa nyinyi wenye ploti na madirisha. Usidhani kila anayejificha ana dhambi. Wengine wanajificha kwa kuogopa ndimi zetu. Ukiona nyumba isiyo na bango na watu wanaingia wameinama, pita na shughuli zako. Huwezi kujua ni mtoto wa nani chini ya ile leso. Mimi nilidhani najua.

Tukifika Kajiado, Njoki hushuka na kujifunga leso. Mimi naingia kwa yule mama wa chai, na siku hizi ananichagulia kiti mwenyewe, kile cha kutazama ukutani. Nakaa hapo nimeipa barabara mgongo mpaka mdogo wangu anirudie.