Lehemu ya Birika, Lehemu ya Damu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati huko Nyansurura, nilimweleza mama mmoja namna ya kumeza vidonge, naye akaitikia kwa kichwa kila nilichosema. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Mama alipoinuka, akamzuia kwa upole.

"Sasa nieleze mimi, mama. Utavimezaje?"

Mama akacheka, akafunika uso kwa khanga. Hakuwa ameshika hata neno moja.

"Sista," mganga mfawidhi akaniambia, "ameitikia, hajaelewa. Mweleze mgonjwa mpaka na yeye akueleze wewe."

Nilikuwa muuguzi mgeni kutoka Singida, Kikurya sikijui. Agizo lile nililibeba kila nilikohamishiwa.

Kituo kilichofuata kilikuwa Nyamongo, wakati wa rashi, kama wachimbaji walivyoita kule kukimbilia dhahabu. Vijana waliokuwa juzi wanakula ugali kwa mboga za majani sasa walikula supu ya kongoro asubuhi, nyama choma mchana, na jioni nyama tena kwa chipsi. Aliyeota kitambi alipongezwa. Mganga mfawidhi wa pale, mtu wa utani mwingi, aliniambia, "Sista, vidonda vya kwenye maduara, haya mashimo ya wachimbaji, tunaviona kwa macho. Wewe nitafutie ugonjwa usioonekana."

Ndiyo ikawa kazi yangu. Nilipima presha, yaani nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa, na nilifundisha habari za lehemu. Lehemu ni aina ya mafuta yaliyomo kwenye damu. Ini lenyewe huitengeneza, na mwili unaihitaji. Ikizidi, hujipaka ndani ya mishipa kidogo kidogo, njia ikawa nyembamba, na moyo ukakosa damu ya kutosha. Haina homa wala kikohozi. Huwezi kuijua bila kupima.

Tulifundisha makanisani siku za Jumapili, na watu walijaa. Lakini Waislamu wa pale, wenye maduka, mafundi na wapika sambusa, walikuwa wachache, na mafundisho yetu yaliwafikia vipande vipande kupitia kwa majirani.

Asubuhi moja akaingia Mzee Salimu, fundi bati, mwembamba, kofia imekaa upande, mikononi amejaza mabirika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lakini shikamoo haizibi birika. Wewe ndiye Sista wa lehemu?"

"Ndiye mimi."

"Umeniua biashara! Wanawake wamenirudishia kazi yangu yote. Wanasema Sista ametangaza lehemu inaingia kwenye damu na kuziba moyo. Mimi nimelehemu mabirika ya mji huu tangu hujafika. Nani amekufa kwa chai yangu?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Neno letu la damu lilikuwa ndilo neno lake la kuziba matundu! Kisha nikaona kwamba Mzee Salimu hacheki wala hagombi tena. Alikuwa amekaa kwenye benchi, kiganja kifuani, anavuta pumzi.

"Kifua kinabana, mzee?"

"Ni huu mlima wenu. Nikipumzika kinaachia."

"Tangu lini?"

"Sista, nimekuja kwa ugomvi, sikuja kwa matibabu. Na hayo ni maradhi ya wanene. Mimi si unaniona, waya mtupu?"

Kifua kinachobana ukipanda mlima na kuachia ukipumzika si cha kuchezea, hata kwa mwembamba. Niliogopa akitoka pale hatarudi. Nikamwambia, "Tufanye hivi. Wewe nipe mkono wako, mimi nitasimama mbele ya wateja wako nisafishe jina la birika lako."

Akanitazama, kisha akakunja mkono wa kanzu.

Presha ilikuwa juu. Mganga mfawidhi hakuleta utani siku hiyo. Alimpa dawa na kumpakia kwenye gari letu kwenda hospitali Tarime, mkewe, Mama Zuhura, akiwa pembeni yake. Walimpima moyo na damu, wakakuta lehemu imezidi. Aliporudi na dawa zake, sauti ilikuwa imeshuka.

"Sista, miaka yote nimelehemu vyombo vya watu. Kumbe na mimi nilikuwa nalehemiwa?"

"Na bado tumewahi, mzee. Vidonge kila siku, hata ukijisikia mzima. Samli ipungue. Mafuta ya sambusa yasirudiwe kikaangoni."

"Hilo mwambie huyu," akasema, akimnyooshea mkewe kidole.

"Nimeshasikia," Mama Zuhura akajibu. "Na wewe mchicha utakula bila kununa."

Nilitimiza ahadi. Shehe alituruhusu uani mwa msikiti baada ya sala ya Ijumaa, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na wachimbaji Wakurya wakasogea kusikiliza. Nilieleza lehemu mbili. Kisha nikamgeukia Mzee Salimu: "Sasa na wewe nieleze."

Akainua bomba kuukuu la pampu ya duara, limeganda tope ndani. "Maji yalipita hapa kwa nguvu. Tope likakaa leo, likakaa kesho. Nje bomba zuri, jembamba kama mimi. Ndani, hebu chungulia."

"Basi tupitishie brashi, mzee!" kijana mmoja akapaza sauti.

"Mura," Mzee Salimu akamjibu, akimwita kijana kwa Kikurya, "mshipa haupigwi brashi. Brashi yake ni miguu yako, mboga, na kidonge ukiandikiwa. Shuka kwenye hiyo bodaboda!"

Uani palilipuka kwa kicheko. Wiki iliyofuata foleni ya kupima ilikuwa na kofia na baibui nyingi, na mabirika yakarudi kwa fundi.

Sasa nimestaafu, naishi Turwa, pembezoni mwa mji wa Tarime, nalima bustani. Vijana mnaoanza uuguzi mna vipimo tusivyoviota sisi. Vitumieni, na msiache kuuliza mgonjwa ameelewa nini, maana neno lako likitoka mlangoni hujui litaingia nyumba gani.

Siku ya kuniaga pale Nyamongo, Mzee Salimu alipanda ule mlima hadi kituoni bila kukaa njiani. Alikuja na keni ya kumwagilia bustani, ameitengeneza mwenyewe, viungo vinang'aa. Akanikabidhi mbele ya watu wote.

"Chukua, Sista. Lehemu hii peke yake ndiyo ninayokuruhusu kuwa nayo."